Nice au Menton: ukiwa na siku moja na miguu yako miwili

Kila ikikaribia Pasaka simu yangu huanza kulia. Mara ni mdogo wangu aliyeko Uholanzi, mara rafiki wa rafiki, mara binamu anayekuja mkutanoni Paris na amebakisha siku moja mkononi. "Shikamoo kaka. Tuna siku moja tu ya kwenda baharini. Twende Nice au Menton?" Hakuna anayetaka kukodi gari. Wote wanataka kutembea, kula kitu, kupiga picha za kutosha, na jioni kurudi stesheni.

Naishi Marseille, na miji hiyo miwili ya pwani ya kusini mwa Ufaransa nimeikanyaga mara nyingi: peke yangu, na wageni, na safari moja na mama yangu aliyetoka Tanga akiwa na magoti yenye umri wa miaka 71 na maoni juu ya kila kitu. Kwa hiyo nimeamua niandike mara moja, halafu atakayeuliza nimtumie hii.

Ukiniuliza ninaoupenda ni upi, nitasema Menton kabla hujamaliza swali. Ukiniuliza uende wapi, mara nyingi nitasema Nice. Haya si maneno ya kujipinga, na mbele yataeleweka.

Kwanza ujue kwamba miji hii ni majirani. Treni ya mkoa kutoka Nice hadi Menton inachukua kama dakika 40, ikipita Villefranche, Beaulieu, Èze na Monaco, na baada ya Menton unaingia Italia. Ukienda, kaa upande wa kulia, ndiko bahari iliko. Watu hukaa kushoto, wakatazama kuta za mawe hadi mwisho wa safari.

Tofauti kubwa kwa mtembeaji ni hii: Nice unatembea kwa urefu, Menton unatembea kwa kupanda. Nice ina kilima kimoja, na kilima hicho kina lifti. Menton, mji mkongwe wote umeegemezwa mlimani kama mtu aliyeegemea ukuta, na uzuri wake uko juu, si chini.

Ukianza na Nice

Kutoka stesheni kuu unashuka barabara ya Jean-Médecin, dakika 15 hivi, maduka kulia na kushoto kama mji wowote mkubwa. Kipande hiki hakina maajabu. Ukitaka panda tramu. Uzuri unaanza Place Masséna, uwanja wenye sakafu ya mirabaraba meusi na meupe na majengo ya rangi ya udongo mwekundu. Tazama juu: kuna sanamu saba za watu waliokaa juu ya milingoti, kazi ya Mhispania Jaume Plensa, na usiku zinawaka rangi tofauti. Mama alizitazama kwa muda mrefu kisha akauliza wanateremkaje.

Kutoka hapo, kabla hujaenda baharini, ingia Vieux Nice, mji mkongwe. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Old Town ya Mombasa atajisikia nyumbani kwa dakika kumi za mwanzo: vichochoro ambavyo jua haliingii, nguo zimeanikwa dirishani, harufu ya kitunguu inayotoka usijue wapi. Halafu ataona maduka ya sabuni na sumaku za friji, moja baada ya jingine, na atakumbuka kwamba yuko mahali pa watalii. Lakini inua macho. Kwenye pembe ya Rue Droite na Rue de la Loge kuna tufe la mzinga limening'inizwa ukutani, kumbukumbu ya mwaka 1543, Waturuki wa Osmani walipouzingira mji wakishirikiana na mfalme wa Ufaransa. Na kwenye Rue de la Poissonnerie kuna nyumba ya mwaka 1584 yenye nakshi ya Adamu na Hawa, kila mmoja ameshika rungu. Wanaonekana kama wanataka kupigana. Watu mia wanapita chini yao bila kuwaona.

Wakati huo Nice haikuwa ya Ufaransa. Ilikuwa chini ya watawala wa Savoy, na iliingia Ufaransa moja kwa moja mwaka 1860 tu. Garibaldi, yule aliyeiunganisha Italia, alizaliwa hapa mwaka 1807. Ndiyo maana majina ya mitaa yameandikwa kwa lugha mbili, Kifaransa na Kinisadi, lugha ya wenyeji, na ndiyo maana chakula kina ladha ya ng'ambo ya mpaka.

Soko liko Cours Saleya. Hapa nina neno. Mara ya kwanza nilimpeleka mgeni siku ya Jumatatu, nikimwahidi maua, matunda na zeituni za kila aina. Tukakuta vijiko vya fedha vya zamani, vinara vya mishumaa na picha za babu za watu wengine. Jumatatu soko hugeuka kuwa la vitu vya kale. Kosa lilikuwa langu, na mgeni yule bado ananikumbusha. Nenda Jumanne hadi Jumapili, asubuhi, maana ikifika saa saba mchana wachuuzi wa mboga wanafunga. Nyumba ya rangi ya manjano iliyo mwisho wa soko ndiko mchoraji Henri Matisse alikokaa miaka ya 1920 na 1930. Huhitaji tiketi kuitazama.

Kisha kilima, Colline du Château. Jina linasema "ngome", na watu hupanda wakitafuta ngome. Haipo. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, aliamuru ibomolewe mwaka 1706, na ikabomolewa kweli. Kilichobaki ni bustani, maporomoko ya maji yaliyotengenezwa na binadamu, na mandhari ya ghuba yote, Baie des Anges, ikijikunja kama mundu. Ngazi ni zaidi ya 200. Lifti iko chini, mwisho wa barabara ya ufukweni, na haina malipo. Mama alipojua haina malipo aliipanda mara mbili.

Ukiwa huko saa sita kamili mchana utasikia mshindo mkubwa. Usidhani ni mzinga wa kufuturu. Ni desturi ya karne ya 19: husimuliwa kwamba bwana mmoja wa Uskochi alichoka kumsubiri mkewe aliyekuwa akipiga soga sokoni hadi chakula kinapoa, akaomba mzinga upigwe saa sita ili wanawake warudi majumbani. Siku hizi ni baruti tu. Mama alisema huyo bwana angejipikia.

Chini ya kilima, njia inapopinda kuelekea bandarini, mahali panaitwa Rauba Capeu, maana yake "mwizi wa kofia". Upepo unapiga hapo kutoka pande mbili. Shika kofia, shika mtandio.

Halafu ndiyo ile barabara yenyewe, Promenade des Anglais, kilomita 7 kando ya maji, bapa kama meza. Waingereza waliokuja kukimbia baridi ya kwao ndio walioichangia, miaka ya 1820. Inasimuliwa kwamba baridi kali iliunguza mashamba, maskini wakafurika mjini, na kasisi mmoja, Lewis Way, akakusanya fedha wapewe kazi ya kujenga njia badala ya sadaka. Wenyeji wakaiita njia ya Waingereza. Leo kuna baiskeli, wakimbiaji, vikongwe na vijibwa vyao, vijana na spika zao, na safu za viti vya bluu vinavyotazama bahari. Viti ni vya bure, na mimi nasema ndivyo kitu bora kuliko vyote Nice. Hoteli Negresco, yenye kuba la waridi, iko hapo tangu 1913. Ipige picha uendelee. Utaona pia vizuizi vya chuma na nyaya kandokando ya barabara. Viliwekwa baada ya Julai 14, 2016, lori lilipoendeshwa katikati ya watu waliokuwa wakitazama fataki, watu 86 wakauawa.

Usitembee kilomita zote 7. Kilomita 2 zinatosha. Zilizobaki ni zilezile hadi uwanja wa ndege.

Menton ni habari nyingine

Ukishuka stesheni ya Menton unasikia tofauti kabla hujaiona. Kelele zimepungua nusu. Unashuka dakika tano unaikuta Jardins Biovès, bustani nyembamba yenye michikichi na michungwa, milima imesimama nyuma yake karibu kabisa, kama pazia. Milima hiyo ndiyo inayozuia upepo wa kaskazini, na ndiyo sababu malimau yanastawi hapa kuliko kwingine kote pwani hii. Mwezi Februari bustani hii hujazwa sanamu kubwa zilizotengenezwa kwa machungwa na malimau, katika sherehe inayofanyika tangu miaka ya 1930. Matunda yanayotumika ni tani kama 140, na mengi, nikuibie siri, yanatoka Hispania. Limau la Menton lenyewe ni ghali mno kupigiliwa kwenye sanamu ya tembo.

Unaendelea kwa Rue Saint-Michel, mtaa wa watembea kwa miguu, kimaduka, kivivu. Soko la ndani, jengo la mwaka 1898 lenye vigae vya rangi, liko mkono wa kulia kuelekea baharini; nenda asubuhi. Kisha zinaanza ngazi.

Ngazi za Saint-Michel zinapanda kwa kuzungukazunguka kutoka usawa wa bahari hadi kanisani. Si kali sana, zina mapana ya kupumzikia, na kila unapogeuka bahari inakuwa imeshuka kidogo. Juu unatokea uwanjani, na hapo ndipo mimi ninapowapoteza wageni wangu kwa nusu saa. Sakafu imetandazwa kokoto za bahari, nyeusi na nyeupe, moja moja kwa mkono, zikachora nembo ya Grimaldi, ukoo unaotawala Monaco hadi leo. Inama uziguse: zimelala kwa ubavu, zimelainishwa na miguu ya watu, na kwenye mifereji ya pembeni majani membamba yameota. Kanisa lenyewe la Saint-Michel, la karne ya 17, lina mnara wa mita 53 na uso wa rangi ya manjano na waridi, na jirani yake kuna kanisa jingine dogo, limesogea kana kwamba linasikiliza. Uwanja huu, mwezi Agosti, unageuka ukumbi wa muziki, tamasha lililoanza mwaka 1950.

Mbona nembo ya Monaco iwe hapa? Kwa sababu Menton ilikuwa yao. Mwaka 1848 watu wa Menton na jirani zao wa Roquebrune walichoshwa na kodi wakajitenga, mwaka 1860 wakapiga kura kuingia Ufaransa, na mwaka uliofuata mtawala wa Monaco akaipokea Ufaransa faranga milioni 4 akafunga mjadala. Monaco ilibaki kile kipande kidogo unachokiona dirishani mwa treni.

Kutoka kanisani unaweza kurudi chini. Usirudi. Panda tena, kupitia vichochoro vyenye matao, hadi makaburi ya Vieux-Château, palipokuwa ngome ya mji. Najua, kumpeleka mgeni makaburini si adabu yetu, na mama alibaki langoni akasoma dua yake. Lakini makaburi haya ndiyo historia ya mji. Mwaka 1859 daktari Mwingereza, James Henry Bennet, alikuja Menton akiugua kifua, akapata nafuu, akaandika kuisifu hewa yake. Wakafuata wagonjwa wa kifua kikuu kutoka Uingereza, Urusi, Ujerumani. Wengi hawakurudi kwao. Soma mawe: miaka 19, miaka 23, miaka 27, majina ya Kirusi kando ya ya Kiingereza, kila kaburi likitazama bahari ya buluu ambayo mwenyewe alikuja kuifuata.

Mmoja wao ni mchungaji William Webb Ellis, aliyefariki mwaka 1872, yule anayesemwa aliudaka mpira mkononi shuleni Rugby na kuanzisha raga. Wanahistoria wengi hawaiamini hadithi hiyo, ila Kombe la Dunia la raga lina jina lake. Rafiki yangu Mkenya, shabiki wa timu ya wachezaji saba, alisimama pale kama aliyefika kwa mzee wa ukoo.

Mwenye nguvu zaidi apande hadi Trabuquet, makaburi ya juu zaidi. Huko kuna kumbukumbu ya askari wa makoloni ya Ufaransa, wengi kutoka Afrika Magharibi, waliofia hospitali za Menton wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hoteli za matajiri ziligeuzwa hospitali. Watalii ni nadra kufika, na vipeperushi vya mji haviwatumi huko.

Makumbusho ya Jean Cocteau, mshairi na mchoraji wa Kifaransa, nayapita haraka: kile kingome kidogo kando ya bandari kinatosha, maana lile jengo jipya liliingiliwa na maji ya bahari katika dhoruba ya Oktoba 2018 na kufungwa. Bustani ya mimea ya Val Rahmeh, upande wa Garavan, inastahili saa moja ya mpenda mimea. Asiyejali majani asijilazimishe.

Sasa, yapi ya kupima

Magoti kwanza. Mwenye magoti mabovu, mjamzito, au mwenye mtoto kwenye kigari: Nice, bila mjadala. Menton ya chini nayo ni bapa, kuna njia nzuri ya ufukweni, lakini kwenda Menton usipande ni kama kwenda Lamu usiingie mitaani.

Bahari ni ileile kote, na kwa mtu wa pwani yetu ina mushkeli. Tukiwa tumekaa kwenye viti vya bluu mama aliuliza, "Maji yanakupwa saa ngapi huku?" Nikamwambia hayakupwi, au yanakupwa kiasi cha shibiri moja tu. Hakuna bamvua wala maji mafu. Alikaa saa nzima akiukodolea macho ukingo wa maji, akingoja nionekane mwongo. "Bahari gani hii isiyokwenda wala kurudi," akasema, na tangu siku hiyo anaiita ziwa. Ukitaka kuoga, jua kwamba Nice ni mawe ya mviringo yanayoumiza nyayo, ununue viatu vya maji. Menton pia ni kokoto, ila pale Les Sablettes, chini ya mji mkongwe, zina huruma kidogo.

Tumbo: Nice inashinda, na inashinda kwa mbali. Tafuta soka, si ya miguu bali ile ya kula, wao huandika socca. Ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, humiminwa kwenye sinia kubwa la shaba na kuingizwa tanuri la kuni. Inatoka imeungua pembeni, laini katikati, wanaikwangua kwa kisu na kukutilia pilipili manga. Aliyekula bhajia za dengu atajua ladha hiyo kabla haijafika mdomoni. Haina nyama wala maziwa, kwa hiyo anayefuata halali hana wasiwasi. Pissaladière, mkate wa vitunguu vilivyopikwa taratibu, huwekwa samaki wadogo wa chumvi kama dagaa. Menton ina barbajuan, vitu vya kukaanga kama sambusa vyenye mboga na jibini ndani, vizuri, lakini ukishavila viwili umemaliza orodha.

Muda: ukiwa umeshuka uwanja wa ndege wa Nice na una saa sita kabla ya ndege nyingine, tramu inakuingiza mjini kwa nusu saa. Usijaribu Menton. Na hii ndiyo sababu wengi nawatuma Nice: wanaouliza hawana siku, wana vipande vya siku.

Lakini kama umelala Nice na una siku nzima, ondoka saa mbili asubuhi uende Menton, panda ngazi kabla ya jua, rudi Nice saa kumi ukae kwenye viti vya bluu hadi magharibi. Siku hizi mbili katika moja nimezifanya mara nne na hazijawahi kunichosha. Februari tu ndiyo siwezi kuipendekeza hivyo, kwa kuwa kanivali ya Nice na sherehe ya malimau huangukiana, na treni inajaa hadi mlangoni.

Jambo moja ambalo vitabu vya utalii haviwaambii watu kama sisi. Ufaransa ilirudisha ukaguzi mpakani mwaka 2015, na treni zinazotoka Ventimiglia, Italia, hukaguliwa na polisi zikifika Menton Garavan. Wanaoulizwa karatasi mara nyingi ni wenye ngozi yetu. Ukivuka kwenda Italia kula aiskrimu, chukua pasipoti yenyewe au kibali chako cha ukaazi. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi. Hata ukibaki Menton, iwe mfukoni.

Na kama utanunua kitu kimoja tu cha kubeba, nunua malimau sokoni Menton, yenye majani yake. Tangu 2015 yana jina linalolindwa kisheria, na bei yake imejua hilo. Mama alichukua kilo mbili akitaka kutia achari. Alipofika nyumbani Marseille alikata moja, akalilamba, akanitazama. Maganda mazito, harufu ya ajabu, na uchachu wa upole kabisa. "Haya ni malimau au machungwa yaliyokasirika?" Yale ya kilo mbili tuliyatengenezea sharubati. Achari aliitia kwa ndimu alizonunua kwenye duka la Wangazija, mtaa wa pili kutoka kwangu.